Matofali Yanayokunywa Maji

Jino la mbele la jirani yangu wa juu nililitoa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nasimulia habari za watu wapole. Nilikuwa nimeshika nusu ya pave, lile tofali la zege la kutandika uani, naye alikuwa ameshika mkono wangu anauminya kama mtu anayekamua nguo, na pave ikafika ilikofika. Na yeye aliniachia alama chini ya jicho ambayo hadi leo poda haiifichi vizuri. Mke wake ndiye aliyetutenganisha. Alitumwagia ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, sote wawili, bila upendeleo.

Chanzo kilikuwa ua wake.

Tunakaa Gasenyi, pale ambapo ardhi inaanza kupanda kuelekea milimani. Mama alihamia huku kutoka Buyenzi alipochoka kulipia nyumba za watu. Chumba cha kwanza alikijenga kwa matofali mabichi, ya udongo uliokaushwa juani, na aliyapiga mwenyewe kwenye fremu ya mbao huku mimi nikiwa mgongoni. Vyumba vingine vilifuata polepole, na hivyo vikapata matofali ya kuchoma. Lakini kile cha kwanza ndicho alichokiita nyumba. Vingine aliviita vyumba.

Halafu kiharusi kikampiga, upande wa kushoto ukafa. Upande wa kulia ukawa kama umerithi nguvu za upande wa pili, maana fimbo yake ilikuwa inafika popote. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na kila siku mmoja wetu alikuwa amekasirika. Kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyuma wa chumba kile cha kwanza, na nyuma ya ukuta huo, baada ya kichochoro cha kupita kuku, kulikuwa na kiwanja cha jirani, kimeinuka usawa wa kiuno changu.

Zamani mvua ikinyesha, udongo wa kiwanja kile uliinywa. Jirani, ambaye anauza vipuri vya magari mjini, alipojenga nyumba yake ya ghorofa hakutaka gari lake likanyage tope. Akatandika pave za kijivu ua mzima, akazifunga kwa simenti, na fundi wake akaupa ua mwinamo wa kumwaga maji upande wetu. Tangu hapo kila mvua ilikuwa inakuja kumpiga Mama mgongoni. Ukuta ulianza kuloa kuanzia chini, unyevu ukapanda hadi usawa wa godoro, na lipu ikawa inadondoka kwenye shuka vipande vipande.

Nilimwambia Mama ahamie chumba changu.

"Apana," alisema. "Mi nilikulelea humu na nitakufia humu."

"Mama, ukuta itakuangukia."

"Basi itaanguka kwa mwenyewe."

Ndipo nikapanda kwa jirani na nusu ya pave mkononi, nimeiokota kwenye kifusi chake mwenyewe, nimwonyeshe kwamba kitu hiki hakinywi maji. Nilitaka kumwonyesha tu. Hasira hasara, wanasema, lakini siku ile hasara ilienda kwake.

Jino likaleta bashingantahe, wazee wa mtaa wanaoamua magomvi kabla hayajafika polisi. Walikaa kwenye benchi letu, wakatusikiliza sote tukitukanana kwa zamu, kisha mkubwa wao akaomba kuuona ukuta. Mama hakumkaribisha, alimtazama tu. Mzee akagusa ukuta kwa kidole, kidole kikaingia. Alikichomoa, akakipangusa kwa leso yake taratibu, na hakuna aliyetukana tena.

Hukumu yao ilinikera kuliko kipigo. Jirani ang'oe pave zake na atandike nyingine zinazopitisha maji. Na kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa anamwita mwenzake mwongo, twende tukachague pamoja, kwenye gari moja.

"Mukirudi bila kuelewana, mutarudi tena kule," alisema mzee. "Hata mara kumi."

Desturi inataka waliogombana wanywe pamoja kabla wazee hawajaondoka. Kwetu bia hainyweki, kwa hiyo ikaletwa soda, glasi moja. Nilikunywa nusu nikampa. Aliimeza kama dawa ya minyoo, na nyingine ikamtokea pale palipokuwa na jino. Nakiri nilifurahi.

Jumamosi tukaenda Zone Industrielle, eneo la viwanda, kwa pikapu yake. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Kwenye depo moja ya pave walikuwa wamepanga sampuli chini kama vitambaa dukani: za kijivu, za manjano, nyekundu zilizokatwa kama mifupa ili zishikane. Jirani alipenda zile za mifupa. Alizipigapiga kwa kisigino cha kiatu, akatabasamu kwa mdomo uliofungwa.

"Hii, muzee, camion inapita juu na haivunjike," muuzaji alisema.

"Mi sina shida na lori," nikamwambia. "Niko na shida na maji."

Nikafungua chupa yangu ya maji nikaimwaga yote juu ya sampuli. Maji hayakuuliza njia. Yaliteleza juu ya ile mifupa, yakaenda moja kwa moja kwenye viatu vya muuzaji, viatu vya suede, vipya.

"We mwanamuke, utaniaibisha mupaka wapi?" Jirani alinikamata mkono, palepale palipokuwa bado pananiuma tangu siku ya jino. Nikampiga kofi. Akanisukuma nikakaa juu ya rundo la pave, nami nikamvuta tai tukaanguka wote. Wapakiaji waliacha kupakia wakaanza kupiga makofi.

"Madame, muzee, pole," muuzaji alisema, anafuta kiatu. "Mambo ya bibi na bwana mumalizie nyumbani."

Jirani aliinuka haraka kuliko nilivyotegemea. Kofi alilistahimili, lakini lile la kuitwa mume wangu lilimvunja. "Huyu si bibi yangu! Vraiment, nani anaweza kuoa hii kitu?" alipiga kelele. Na mimi nikapiga kelele kwamba afadhali niolewe na lori. Tulifukuzwa pale kama mbwa.

Basi tukaenda Kinama, kwa wachomaji matofali. Tanuri moja lilikuwa limefunguliwa karibuni, bado linatoa joto, na ukilikaribia nywele za mkono zinasimama. Tofali la tanuri halifanani na ndugu zake. Lililokaa karibu sana na moto limekuwa jeusi, limepinda, linang'aa kama chupa. Lililokaa nje limebaki la waridi, na ukiliweka kwenye ndoo ya maji asubuhi, jioni unakuta uji. La katikati ndilo tofali: jekundu, na ukiligonga kwa jiwe linalia kama sahani. Mama ndiye aliyenifundisha, kwa kunipiga kichwani kila nilipochagua vibaya.

Nilimweleza jirani, kwa sauti ya kawaida kwa mara ya kwanza, kwamba matofali haya tungeyalaza kwa ubavu juu ya mchanga, bila simenti, na kati ya moja na jingine tuache nafasi ya kidole ijazwe mchanga pia. Maji yangeingia kwenye zile nafasi, yakashuka chini, yasije kwetu.

Hakuniamini. Akachukua nyundo ya mchomaji akalipiga tofali jekundu. Likavunjika vipande viwili safi. Akapiga la waridi, likawa vumbi. Nikachukua nyundo nyingine. Sijui ni nini kilitushika. Tulisimama pale kwenye jua, mwanamke na mwanamume wasiopatana, tunavunja matofali moja baada ya jingine, tunayasikiliza, tunayatupa. Kwenye kila tofali niliona kichwa chake, na nadhani yeye aliona changu, kwa sababu alikuwa anapiga kwa moyo sana. Vipande viliruka vikatukata miguu. Jasho lilimtoka hadi tai ikabadilika rangi.

"Munanunua ao munabomoa?" mwenye tanuri akauliza.

"Tunanunua," jirani alisema, anahema. "Hii ya katikati. Nyekundu tu." Kisha akanigeukia. "Inafanana na ya misheni ya zamani. Itakuwa nzuri."

Uzuri haukuwa shida yangu, lakini nilinyamaza, maana mtu akikubali usimuulize sababu. Njiani kurudi aliniambia kwamba siku ya kwanza alipokuja kumsalimia Mama kama jirani mpya, Mama alimchapa fimbo ya mguu kwa kuingia na viatu. Nilicheka mpaka jeraha la chini ya jicho likafunguka.

Pave zikang'olewa, matofali yakatandikwa. Nilisimama upande wangu wa kichochoro kila siku natazama kila mstari, na nikiona nafasi ni nyembamba nafoka. Jirani akaniita contrôleur, mkaguzi. Mvua kubwa ilipokuja nilitoka nje na mwavuli kuona. Maji yaligonga matofali, yakababaika kidogo, yakazama. Kwetu ilifika michirizi tu. Nilifurahi kiasi cha kumpungia mkono jirani aliyekuwa kwenye baraza yake, na yeye akanipungia, kisha tukaona aibu sote tukaingia ndani. Msimu ule ukuta ulianza kukauka. Mama aliugonga kwa fimbo kila asubuhi kama anabisha hodi, na sauti ikawa inarudi kavu kidogo kila siku.

Mwishoni mwa kiangazi binti wa jirani akachumbiwa. Wakwe walikuwa watu wa maana, wanaleta mahari kwa hotuba na ng'ombe wa kutajwa mdomoni, na wanawake wao wanakuja wamevaa imvutano nyeupe, zile nguo za mabega ambazo pindo lake linafagia chini. Na mchanga ule wa kati ya matofali ulikuwa umegeuka mwekundu. Mke wa jirani alijaribu yake, akatembea uani mara moja, pindo likarudi kama amechinja kuku.

Ijumaa asubuhi nilipotazama juu niliona mistari ya kijivu kati ya matofali, bado mibichi. Walikuwa wamekoroga uji wa simenti, wakaumwaga uani, wakaufagilia ndani ya kila nafasi. Ua wote umefumbwa macho.

Nilipiga ukelele uliomtoa jirani nje na sabuni ya kunyolea shavuni.

"Dada, ni ya siku moja tu," alisema. "Wakwe wakienda, Jumapili naibomoa. Na mvua sasa itatoka wapi? Angalia mbingu!"

Mbingu ilikuwa nyeupe, kavu. Nilikwenda kuchukua mtaimbo. Nilikuwa nimefika mlangoni nao wakati fimbo ya Mama ilipogonga sakafu.

"Rudisha hiyo chuma."

"Mama, amefunga maji tena!"

"Mutoto wa mutu anaolewa kesho. Utabomoa kiwanja ya arusi? We ni mutoto ya nani?"

"Na ukuta?"

"Ukuta yangu inajua kungoya."

Nikarudisha mtaimbo. Nikamwomba basi alale kwangu mpaka Jumapili tu. Kikombe cha chai kilinipita sikioni kikavunjikia mlangoni. Jumamosi asubuhi nikamwomba tena, na nikaambiwa kwamba nikimgusa ananinyima radhi. Mwislamu akisikia neno hilo kinywani mwa mama yake hasogei tena. Nikarudi jikoni.

Wakwe walifika mchana. Hema jeupe, viti vimevishwa vitambaa, wasemaji wa pande mbili wanashindana kwa maneno matamu kwenye kipaza sauti. Mama alikuwa anasikiliza kitandani anatabasamu, anawasahihisha Kirundi chao. Nilikuwa nampikia nilipoona jikoni pamekuwa giza.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi haiji kama mgeni. Ilikuja na upepo uliotupa masufuria, ikapiga mabati kana kwamba kuna watu juu wanamimina changarawe. Nilikimbilia chumbani kwa Mama. Maji ya ua ule yalikuwa yanashuka kwa pamoja, ubao mzima wa maji, unapiga ukuta, unarudi, unapiga tena. Kipande cha lipu kikubwa kama sinia kilianguka kwenye mto wake. Chini karibu na mguu wa kitanda maji ya kahawia yalianza kutoka ukutani, yanasukumwa.

"Mama, tutoke!"

"Apana!"

Nilimshika kwapani. Mkono wake wa kulia ulikamata chuma cha kitanda. Nilivuta, kitanda kikaja naye. Alinichapa fimbo ya shingo, ya uso, mdomo wangu ukajaa damu. Nikamnyang'anya fimbo nikaitupa, naye akarudi kukamata chuma.

"Mi sitoke! Niache! Mi sitoke!"

Nilimbandua kidole kimoja, vingine vikashika. Nikamuuma. Ndiyo, nilimuuma mama yangu mkononi, na hakuachia. Ukuta ulitoa sauti kama mtu anayesafisha koo. Niliona ufa ukipanda kutoka chini hadi kwenye dirisha, na mbele ya macho yangu ukapanuka.

Nikampiga kofi. Halikuwa la kumtisha. Nilimpiga usoni kwa nguvu zangu zote, kwa kiganja hiki, mpaka kichwa chake kikageukia upande wa pili.

Alishangaa. Katika maisha yake yote hakuna aliyekuwa amethubutu, na mkono ukafunguka wenyewe. Nilimburuta kwapani, visigino vyake vikichora tope, na tulikuwa mlangoni wakati ukuta ulipokuja. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini, ukainama, ukalala juu ya kitanda na kukikunja katikati. Mahali ulipokuwa pakawa wazi, na nikaona hema jeupe, na wanawake wa imvutano wamesimama na glasi mikononi, wanatutazama. Msemaji alikuwa bado ameshika kipaza sauti, na mvua inamwingia mdomoni.

Jirani aliruka. Na suti yake ya sherehe aliruka ule usawa wa kiuno, akaangukia kwenye kifusi, akaanza kuchimba kitandani kwa mikono. "Mama! Mama! Mama we!" Alikuwa anarusha udongo nyuma kama mbwa, kucha zinatoka damu, na hakuwa anatuona. Nilitaka kumwacha achimbe mpaka kesho. Nilitaka kuchukua tofali nimalizie meno yaliyobaki. Lakini kiganja kilikuwa kinaniwaka moto, na nikahisi siku ile kimeshapiga vya kutosha.

"Yuko huku," nikamwambia.

Alitugeukia, akamwona Mama kwenye mapaja yangu, na akakaa kwenye tope akalia mbele ya wakwe zake.

Kesho yake alivunja ua wake mwenyewe kwa mtaimbo, hakuita kibarua. Simenti ilikuwa imekamata matofali, akiivunja nayo yanavunjika, na mlio wake ulikuja kwetu tangu alfajiri hadi adhuhuri. Baadaye tulirudi Kinama pamoja kuchagua mengine, ya ua wake na ya ukuta wetu. Hatukugombana. Ilikuwa safari mbaya sana.

Mama aliletwa chumbani kwangu, na hakusema nami. Alikula nilichomlisha, akageuza uso. Majirani wakija aliwasimulia mvua na ukuta, na akifika kwenye kofi anaruka, anasema tu, "Nikatoka." Shavu lilivimba, likawa la zambarau, likageuka manjano. Nililitazama kila siku. Nilikuwa nimemwokoa, kila mtu aliniambia hivyo, na usiku nilikuwa nalia nikiuma mto, kwa sababu mkono uliompiga mama hauna dawa, na yeye alikuwa hai, ananyamaza, na radhi yangu iko ndani ya ule unyamavu. Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Aliangalia dari.

Alasiri moja nilikuwa namtawadhisha kwa ajili ya swala, kwa birika na beseni kama kawaida. Nilipofika usoni nililipitishia maji lile shavu taratibu kama mtu anayeosha yai.

"Ulinipiga," alisema.

Birika karibu liniponyoke. "Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Siku ya wakwe wa watu."

"Ndiyo, Mama."

Nilikuwa nasikia maji yakidondoka kwenye beseni. Kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwa lile jicho lake la hasira nililolijua tangu utotoni, na nilihisi kifua kimenifunguka kabla hata hajasema.

"Ulikawia," alisema. "Ungenipiga asubuhi, kitanda yangu ingepona."

Kisha akaninyooshea mkono wa kulia, nimwoshe hadi kwenye kiwiko.